Nyuma ya Sikio la Mgeni

Swali: "Shikamoo mwalimu. Sisi ni wanawake watatu wa hapa Tanga, tunaanzisha kipindi cha mazungumzo cha kila wiki, kwanza mtandaoni na Mungu akijalia baadaye kwenye televisheni. Jina tulilochagua lina neno 'baraza' ndani yake. Tumepata chumba cha mita 4 kwa 5, dari ni mita 2.7. Kamera zetu ni simu tatu. Mchapaji ametutengenezea bango kubwa lenye nembo yetu iliyorudiwarudiwa, na fundi anatushauri tununue televisheni ya inchi 65 ikae nyuma yetu ili tuonekane wa kisasa. Fedha ni za kuchangishana. Tuanze na nembo, rangi au seti, yaani viti na mandhari ya studio?"

Marahaba, dada. Naanza na litakalowaudhi: bango msilitundike, na televisheni msiinunue. Sababu ni moja kwa vyote viwili, nami niliijua kwa aibu.

Zamani kidogo nilijenga seti ya kipindi cha kuwahoji mashujaa wa mitaani, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Nikachonga herufi za plaiwudi, kila moja upana wa sentimita 40, nikazipanga ukutani: MASHUJAA. Kwa mbali ilipendeza mno. Bosi mwenyewe alipiga picha akaitembeza kwa wenzake. Siku ya kurekodi akaja mgeni wa kwanza, muuguzi mstaafu, mama wa heshima zake, akakaa pale nilipomwandalia. Kamera ya pili ikamsogelea. Ukingo wa fremu ukala M, A na S. Kichwa chake kikafunika H na U. Pembeni ya sikio lake, dakika 40 nzima, likabaki neno JAA. Mama wa watu anasimulia alivyokuwa akizalisha wanawake usiku kwa mwanga wa chemli, na sisi tumemwandikia jalala begani. Hatukuliona mpaka kipindi kiko hewani, na wa kwanza kuliona alikuwa mjukuu wake.

Tangu hapo sichori kitu kabla ya kuuliza: nyuma ya sikio la mgeni kutakuwa na nini?

Kipindi cha mazungumzo hakitazamwi kwa mbali. Picha pana, ile inayoonyesha seti yote, mnaitumia kufungua, kufunga, na pale mhariri anapotaka kuvuta pumzi. Muda wote uliobaki ni uso wa anayesema na uso wa anayesikiliza. Lakini mteja yeyote akija kwangu huja na picha pana kichwani, na fundi naye hujenga picha pana, kwa sababu ndiyo inayoonekana mtu akisimama mlangoni. Fedha zinaishia hapo.

Tupige hesabu kwa chumba chenu. Simu ikisimama mita 2.5 kutoka kwa mgeni, ikavuta picha karibu (zoom) na kumchukua kuanzia kichwani mpaka kifuani, upana wa picha pale alipokaa ni kama mita moja. Ukuta ukiwa mita 1.5 nyuma yake, kipande cha ukuta kinachoingia kwenye fremu ni upana wa mita 1.6 na kimo cha sentimita 90. Basi. Hicho ndicho mnachopamba. Ni kama kanga moja iliyotandazwa, na seti yenu nzima ni kanga mbili: moja nyuma ya mgeni, nyingine nyuma ya mtangazaji. Bango la nembo zilizorudiwarudiwa ni la mkutano na waandishi wa habari, ambako watu husimama na kusogea, kwa hiyo nembo hutapakazwa ili popote mtu atakapokuwa asikose moja. Ninyi mmekaa. Tena mabango hayo ya plastiki hung'aa. Taa ikilipiga, mgeni anaota mwezi kichwani.

Na kuna vile vipande vifupi vya wima ambavyo watu wataviona kabla ya kipindi chenyewe, na wengi hawatafika kwenye kipindi kabisa. Ukikata picha ya kulala ili isimame, unabaki na chini ya theluthi moja ya upana wake. Kwenye fremu niliyoieleza hapo juu ni sentimita 32 hivi: uso, na nafasi ya vidole viwili vitatu kila upande. Kwa hiyo rekodini kwa 4K, kile kiwango cha picha chenye pikseli (vidoa vya picha) nyingi zaidi, kama simu zenu zinaweza, na fremu ya mgeni iacheni ipumue kidogo kuliko mnavyotamani. Mkikata picha ya 4K, ile ya wima inabaki na pikseli 1,215 kwa 2,160, inatosha na kusalia. Jina la ukutani halitaonekana humo hata mfanyeje. Kitakachoonekana ni rangi, na labda umbile moja. Haya mawili ndiyo yatakayomwambia mtu kwamba hiki ni kile kipindi cha akina dada wa Tanga.

Kanga sikuitaja kwa bahati. Itandikeni mezani muitazame kama wabunifu. Pindo limezunguka, mji uko katikati na mara nyingi una nafasi ya kutosha, jina limekaa sehemu ya chini ndani ya kisanduku chake. Mahali hapo hapo ndipo televisheni za dunia nzima huweka jina la mgeni. Waliochora kanga walikwisha kutatua shida yenu: pambo, nafasi tupu na maneno kwenye mstatili mmoja, na hakuna anayemkanyaga mwenziwe. Chukueni mpango huo. Chagueni pambo moja la pindo, lirahisishwe mpaka mtoto wa darasa la tatu aweze kulichora kwa kumbukumbu, kisha hilo hilo liende kwenye nembo, kwenye mstari wa jina chini ya skrini, kwenye kikombe cha mgeni, na mara moja tu ukutani. Kanga yenyewe msiitundike nyuma ya mtu. Wengi wanafanya hivyo wakidhani ndiyo kuonyesha utamaduni, halafu mgeni anaeleza ndoa yake ilivyodumu miaka 30 na nyuma yake kumeandikwa HASIDI HANA SABABU. Mtazamaji atasoma kanga. Mimi pia ningesoma.

Hapo niseme na lingine. Seti zetu nyingi zinakwenda mojawapo ya njia mbili mbaya. Moja ni duka la watalii: kinyago, ngoma, kibuyu na mkuki wa watu wasiojulikana. Nyingine ni meza kubwa na picha ya majengo marefu ya usiku, mtindo wa vipindi vya usiku vya Marekani, ambavyo vina ukoo wao tangu The Tonight Show ilipoanza kwenye kituo cha NBC mwaka 1954. Kule picha ya jiji ina maana, kwa sababu kipindi kinafanyika kwenye jiji hilo. Nimewahi kuingia studio ya mkoani nikakuta maghorofa ambayo hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amepanda lifti yake.

Ninyi mna neno baraza, na baraza ni kitu cha kukalia kabla ya kuwa jina la mkutano. Mnazijua zile za mawe zilizoshikana na kuta za nyumba, hapo kwenu, Pangani, Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu. Jengeni hiyo. Hatua hiyo moja inafanya kazi ya nembo, ya seti na ya jina kwa mpigo. Kituo cha EATV kilipokuwa na kipindi cha Mkasi, mtangazaji Salama Jabir aliwahoji wasanii ndani ya saluni; jina, mahali na kinachotendeka vilikuwa kitu kimoja, na hakukuwa na haja ya kuandika jina ukutani. Kenya, mtangazaji Jeff Koinange amewaketisha wageni kwenye benchi lake hadi benchi lenyewe likawa maarufu kuliko wageni kadhaa waliolikalia.

Ila baraza la kweli lina kasoro moja kwa kamera. Watu hukaa bega kwa bega wakitazama njia, na wakizungumza hugeuza shingo tu. Kwa maongezi ya jioni ni raha tupu. Kwenye picha utapata masikio mawili na nusu ya pua. Kwa hiyo likunjeni. Fanyeni benchi la kona, pembe yake iwe imefunguka kidogo kuliko mraba, mtangazaji upande mfupi, mgeni upande mrefu. Magoti yataelekeana bila kugusana, kila mmoja ana kamera yake upande wa pili, na wageni wawili wakija pamoja wanaenea. Kikalio kiwe sentimita 45 kutoka sakafuni, kina cha sentimita 50, mbao mbili kwa nne kwa ndani, plaiwudi juu, kisha plasta nyembamba au rangi ya maji yenye mchanga kidogo ili lionekane la chokaa. Mito migumu. Nasisitiza migumu: kochi laini la sebuleni linammeza mgeni, magoti yanapanda, kitambi kinatangulia, na mama aliyevaa sketi atatumia kipindi kizima kuivuta. Viti vya kuzunguka ndiyo kabisa msivikaribishe. Mtu mwenye wasiwasi huanza kuyumba kushoto kulia bila kujijua, na mhariri wenu atalia machozi.

Hilo benchi likae mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma, na upande wa mtangazaji uachane na ukuta wake walau mita moja. Mbele zinabaki kama mita tatu. Zinatosha simu tatu na watu wawili wanaojua kunyamaza. Jukwaa la kuinua msijenge, dari yenu ni fupi na taa zinahitaji pa kukaa. Simu ziwe kwenye kimo cha macho ya mtu aliyekaa, mita 1.1 hadi 1.2. Ikiwa chini inamtazama mgeni puani, ikiwa juu anaonekana kama anasubiri hukumu.

Rangi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo sura zetu zinapoharibiwa. Simu ikiachiwa ijiamulie hupima mwanga wa picha yote. Ukuta ukiwa mweupe inaona mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso zinageuka makaa. Watu hulaumu kamera, wananunua nyingine, ukuta ni ule ule. Ukuta wenu uwe wa rangi ya kati kuelekea nzito: kijani cha majani ya mwembe yaliyokomaa, au buluu ya wino. Iwe rangi ya maji isiyong'aa. Rangi ya mafuta waachieni wenye korido za hospitali. Kahawia na mninga naviogopa nyuma ya watu wa rangi yetu, hasa chini ya taa za njano, maana kichwa na ubao vinakaribiana mpaka mtu anakosa ukingo. Nyeusi nayo hapana, na sababu mnaijua kuliko mimi: wageni wenu wengi watakuja na baibui jeusi na mtandio mweusi. Kwenye ukuta mweusi mtapata uso unaoelea peke yake. Kwa upande mwingine atakuja sheikh na kanzu nyeupe inayowaka, na simu itazima uso wake ili kuinusuru kanzu. Ndiyo maana mwanga wa picha unafungwa kwa mkono, ukipimwa kwenye shavu la mgeni, na kanzu ikizidi kidogo iacheni izidi.

Kwenye hiyo rangi moja nzito wekeni kitu kimoja cheupe-maziwa. Ningekuwa Tanga nisingetafuta mbali: mkonge. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliuleta pwani hii mwaka 1893 kwa miche michache, na miaka ikapita mji wenu ukakaa juu ya nyuzi zake. Fremu nyembamba ya mbao, upana wa sentimita 30, izungushieni kamba ya mkonge kutoka juu hadi chini, kamba kwa kamba. Taa ikiipiga kwa ubavu kila kamba inatupa kivuli chake kidogo, na ukuta unapata uhai. Haing'ai, na kwenye picha ya wima bado inaonekana kama mstari mmoja wenye umbile. Isimamisheni pembeni ya sikio, kamwe isiwe nyuma ya utosi. Nguzo ikitokea kichwani mwa mtu haitoki tena machoni mwa mtazamaji. Vitambaa vya mistari myembamba, vikoi vya aina fulani na mashati ya pundamilia, viwekeni mbali. Kamera hushindwa kuhesabu mistari hiyo na kuanza kuchora mawimbi yanayocheza.

Na televisheni ya inchi 65? Skrini iliyowaka nyuma ya mtu ina mambo matatu mabaya. Inavuta jicho kuliko uso, inamwaga mwanga wa buluu kwenye bega la mgeni, na kwenye kamera huweza kuleta mawimbi yale yale niliyoyataja. Wenye studio kubwa wanapambana nayo kwa vifaa na mafundi ambao ninyi hamna. Mkiwa na video ya kuonyesha, iwekeni wakati wa kuhariri. Nusu ya fedha hiyo nunueni taa, nusu sauti.

Taa kuu ya kila mtu iwe pana na laini, imwendee kwa pembeni kidogo, si kutoka usawa wa kamera. Paneli ya LED ikipitishiwa kitambaa cheupe cheupe kilichokazwa kwenye fremu ya mbao inatosha. Msifanye hivyo kwa taa za zamani za joto, mtachoma nyumba. Kisha taa ndogo ya pili itoke nyuma, juu, ichore ukingo mwembamba begani na kwenye mtandio. Wengi huiona ya anasa. Kwa mwanamke aliyevaa baibui ndiyo inayomtenganisha na ukuta, na ningeinunua kabla ya kikombe cha kwanza. Taa zote ziwe za rangi moja ya mwanga. Mkichagua 5600K, yaani nyeupe ya mchana, basi zote, na mzime tyubu za darini. Mafuta ya usoni yanayong'aa hayaondolewi kwa kupunguza taa, yanaondolewa kwa poda na kipande cha tishu. Kuna mtu mmoja wenu atakayepewa kazi hiyo rasmi.

Kwenye simu, wekeni fremu (picha) 25 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila picha, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, ilhali simu nyingi hutoka dukani zimepangwa fremu 30, na matokeo ni ile michirizi inayotembea ukutani ambayo fundi atawaambia ni umeme mdogo. Programu za kamera za kufunga vipimo kwa mkono zipo, hata za bure.

Sauti sikuulizwa, ila chumba kitupu cha mita 4 kwa 5 kinapiga mwangwi na hakuna nembo itakayoficha hilo. Trei za mayai hazisaidii mnavyodhani. Zulia zito sakafuni, pazia nene upande wa kamera, na sponji nene nyuma ya fremu za mkonge, iachane na ukuta kidogo. Maiki za kubana zikae nje ya mtandio, kifuani. Zikifichwa ndani, kila mgeni akigeuka mnasikia kama mtu anafagia.

Nembo inakuja sasa, na msiipe mwezi mzima. Andikeni jina kwa herufi nene kiasi, zilizobanana kidogo, kwa sababu Kiswahili kina maneno marefu. Na kwa jina la mgeni chini ya skrini, violezo vya kupakua mtandaoni vimepimwa kwa majina mafupi ya Kizungu. Vijaribuni kwa "Mwenyekiti wa Chama cha Ushirika cha Akiba na Mikopo" muone vinavyopasuka. Jina la mgeni mstari wa kwanza, cheo mstari wa pili, na kama cheo hakitoshi kifupisheni kwa maneno ya kawaida: "anaongoza chama cha mikopo" inaeleweka zaidi. Maandishi yote yaachane na ukingo wa picha kwa asilimia 5 kila upande. Rangi ya kisanduku cha jina ni ile ya ukuta, herufi ni ile ya mkonge. Mmeshamaliza rangi zenu.

Kabla ya kumwita seremala, nendeni chumbani na chaki na viti vya plastiki. Choreni benchi sakafuni, tundikeni shuka la rangi mnayoifikiria, simu zikae mahali pake. Waiteni watu watatu: mmoja amevaa baibui jeusi, mmoja kanzu nyeupe, mmoja mwenye upara. Rekodini dakika kumi kila mmoja, halafu tazameni kwenye simu ndogo, nje, juani, kama mtazamaji wenu atakavyotazama. Upara utawaonyesha kila kosa la taa.

Picha tatu za karibu kutoka kwenye jaribio hilo nitumieni, mtu mmoja kila picha, nitawajibu rangi na taa kwa kina. Ile pana ya chumba kizima bakini nayo, haina haraka.